Mbu hawazoei, wanachujwa

Kuna sentensi moja nimeisikia hosteli, nimeisikia nyumbani, na nimeisikia ofisi ya walimu nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha: "Mbu wa siku hizi wamezoea dawa." Anayeisema humalizia kwa kupandisha mabega. Chandarua kipo, dawa ilipulizwa, na mtoto bado kalala na homa. Wamezoea, basi. Utafanyaje?

Nasomea ualimu wa Baiolojia, na nataka kubishana na sentensi hiyo. Sisemi kwamba watu wanadanganya. Wanachokiona ni cha kweli: dawa iliyokuwa inaangusha mbu wote zamani leo inaangusha baadhi tu. Kasoro iko kwenye neno moja, hilo "wamezoea". Linatufanya tuamini kwamba mbu yuleyule aliyepuliziwa dawa jana amekomaa nayo, kama mtu anavyozoea pilipili au baridi ya Makambako. Mimi nasema mbu hawazoei, wanachujwa. Na huu si ubishi wa maneno wa kule kwenye vimbweta. Ukiamini "kuzoea" unakata tamaa. Ukielewa "kuchujwa" unajua swali la kuuliza. Na wanaotakiwa kulisahihisha hilo ni sisi tutakaoshika chaki.

Ushahidi ninaoutaka zaidi hauko kwenye chandarua. Uko ndani ya mbu mwenyewe, kwenye kromosomu zake.

Mbu mmoja, mipangilio tofauti

Binadamu ana jozi 23 za kromosomu. Mbu anayeeneza malaria, Anopheles, ana jozi tatu tu. Jozi moja inahusika na jinsia, nyingine mbili zinaitwa ya 2 na ya 3, na kila kromosomu kati ya hizo ina mkono wa kulia na wa kushoto.

Chukua ukanda wa karatasi uandike A B C D E F G. Kata kipande chenye C D E, kigeuze mwisho uwe mwanzo, kisha kibandike palepale. Sasa unasoma A B E D C F G. Hakuna herufi iliyopotea wala iliyoongezeka, ila kipande cha katikati kimepinduka. Huo ndio mpinduko wa kromosomu. Kwenye madesa yetu ya jenetiki huwa ni mstari mmoja ndani ya orodha: kipande kufutika, kujirudia, kupinduka, kuhama. Tunakariri vinne, tunavimwaga kwenye mtihani, tunavisahau kabla matokeo hayajatoka.

Kwa mbu, mstari huo ni habari kubwa. Kwa kawaida kromosomu iliyotoka kwa mama na iliyotoka kwa baba hubadilishana vipande kabla ya kurithishwa. Lakini moja ikiwa imenyooka na nyingine imepinduka, kwenye eneo lile la mpinduko ubadilishanaji unakwama. Matokeo yake jeni zote zilizo ndani ya eneo hilo zinarithiwa pamoja, kama kuni zilizofungwa kwenye mzigo mmoja. Mzigo ukiwa na jeni zinazomfaa mbu wa nchi kavu, unapita kizazi hadi kizazi bila kufunguka.

Mfano unaofahamika sana ni mpinduko uitwao 2La, yaani ulioko kromosomu ya 2, mkono wa kushoto. Peke yake unafunika herufi zaidi ya milioni 20 za vinasaba vya mbu. Afrika Magharibi na Kati, kwenye savana kavu karibu kila Anopheles gambiae anao, na kwenye misitu yenye unyevu karibu hakuna aliye nao. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa majike wenye mpinduko huo wanastahimili ukavu kuliko wasio nao. Ukiwatazama kwa macho hutaona tofauti. Miguu ileile, mbawa zilezile, mlio uleule sikioni.

Tunajuaje?

Zamani kazi ya kusoma mipinduko ilikuwa ya mafundi wachache. Ilibidi umpate mbu jike aliyekunywa damu kama siku moja hivi iliyopita, mayai yake yakiwa nusu njia. Ni wakati huo tu ambapo chembe za kwenye ovari yake zina kromosomu nene za kutosha kuonekana kwenye hadubini, zikiwa na mistari meusi na meupe kama ile ya kwenye pakiti za dukani. Fundi aliisoma mistari na kutambua kipande kilichogeuka. Jike mwenye njaa alikuwa hafai. Dume ndiyo kabisa.

Kisha vikaja vipimo vya vinasaba. Mwaka 1993 kilichapishwa kipimo cha PCR kinachotofautisha spishi za jamii ya Anopheles gambiae, ambazo kwa macho ni pacha. PCR ni ileile tuliyoisikia kila siku wakati wa UVIKO-19: unatafuta kipande maalumu cha vinasaba na kukizidisha mpaka kionekane. Mwaka 2007 kikaja kipimo cha PCR cha mpinduko wa 2La. Sasa mbu yeyote anapimika, jike au dume, aliyeshiba au mwenye njaa, na mguu wake mmoja unatosha.

Huenda unajiuliza haya yote yanakuhusu nini wewe unayesubiri bumu. Twende Nigeria kwanza, halafu turudi Morogoro.

Kuanzia 1969 hadi 1976, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria waliendesha mradi mkubwa wa malaria wilayani Garki, kaskazini mwa nchi hiyo. Walipuliza kuta za nyumba kwa dawa iitwayo propoxur, na katika baadhi ya vijiji waliwapa watu dawa za malaria kwa wingi. Malaria ilipungua, lakini maambukizi hayakukatika. Miongoni mwa waliochunguza mbu wa pale alikuwa Mwitaliano Mario Coluzzi, bingwa wa kusoma kromosomu. Katika makala ya mwaka 1977, yeye na wenzake walionyesha kwamba mbu waliokutwa wamepumzika ndani ya nyumba na waliokutwa nje hawakuwa sawa. Mipangilio yao ya kromosomu ilitofautiana.

Fikiria maana yake. Ukuta wenye dawa unamuua mbu anayetua ukutani. Anayekunywa damu na kwenda kupumzika kichakani haugusi ukuta. Sababu za Garki zilikuwa zaidi ya moja, lakini hii ni mojawapo, na hakuna mahali ambapo mbu alizoea kitu. Walikuwepo wa ndani na walikuwepo wa nje tangu mwanzo. Dawa iliwapunguza zaidi wa ndani. Ni mchujo, kama ule mtihani wa Kidato cha Pili ambao wazee wetu wanausimulia: haukumbadilisha mwanafunzi, uliamua nani aendelee.

Bonde la Kilombero

Sasa nyumbani. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwa mbu wa Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Spishi iliyochunguzwa ni Anopheles arabiensis, anayekunywa damu ya watu na pia ya ng'ombe. Watafiti walisoma vinasaba vyote vya mbu 48: 23 waliokutwa na damu ya binadamu na 25 waliokutwa na damu ya ng'ombe. Walikuwa na maswali mawili. Je, kuchagua mtu au ng'ombe kuna asili ya kurithi? Na je, kupumzika ndani au nje kuna asili ya kurithi?

La kwanza jibu lilikuwa ndiyo, dalili za urithi zilionekana. La pili, hazikuonekana. Kisha wakatengeneza kipimo cha mipinduko na kuwapima mbu wengine wengi. Waliokuwa na damu ya ng'ombe walikuwa 129, wasio nayo 234. Mpangilio ulionyooka wa eneo liitwalo 3Ra, mkono wa kulia wa kromosomu ya 3, ulikuwa mwingi zaidi kwa wale wa ng'ombe. Watafiti wakapendekeza kwamba kufuatilia 3Ra mwaka hadi mwaka kunaweza kutuonyesha kama vyandarua na dawa vinawachuja mbu kuelekea kwenye mifugo.

Napenda utafiti huu kwa sababu haukubali kukaririwa. Garki, kulala ndani au nje kulienda pamoja na mipinduko. Kilombero, kwa mbu wale, hakukwenda. Spishi zilizochunguzwa si zilezile, nchi ni tofauti, nyumba ni tofauti. Ukichukua jibu la Garki ukalibandika Kilombero unaanguka pua. Na hata hiyo 3Ra haimfungi mbu kamba shingoni. Mbu mwenye mwelekeo wa ng'ombe akikosa ng'ombe, usitegemee atalala njaa wewe ukiwa umekaa barazani umejiachia. Vilevile arabiensis si mbaya kuliko wote pale. Uchunguzi wa kusini mashariki mwa Tanzania umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya maambukizi siku hizi inaletwa na Anopheles funestus, ambaye naye ana mipinduko yake. Ndiyo maana tunapima. Usipopima unabaki na "mbu" mmoja wa kwenye picha ya kitabu, na huyo hayupo kijijini.

Chandarua begani

Hapa ndipo linapoingia suala letu la ualimu. Tanzania inagawa vyandarua kupitia shule. Mpango huo ulianza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, kisha ukaenea mikoa mingine. Mtoto anatoka shule ya msingi na chandarua kipya begani. Ni jambo jema mno, na ni sehemu ya juhudi zilizoshusha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi 8.1 mwaka 2022. Ila mtoto amepewa kifaa, hajapewa maelezo. Akifika nyumbani anakutana na mjomba anayesema mbu wamezoea, na shule haijamwandalia jibu. Mwaka unaofuata chandarua kinazungushiwa bustani ya mchicha.

Akifika Kidato cha Nne anasoma mageuko ya viumbe. Mfano maarufu kwenye vitabu ni nondo wa Uingereza, yule mdudu anayefanana na kipepeo, si nondo za kujengea. Viwanda vya Manchester vilitoa masizi, magome ya miti yakawa meusi, ndege wakawaona na kuwala nondo weupe, nondo weusi wakaongezeka. Ni mfano mzuri, sina ugomvi nao. Lakini mwanafunzi wa Mlimba hajawahi kuona mti mweusi kwa masizi ya kiwanda, wakati huo ameua mbu wawili kwenye kifundo cha mguu tangu kipindi kianze. Mchujo uleule unatokea kitandani kwake kila usiku, na sisi tunampeleka Manchester!

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa mada hiyo. Shule haikuwa na maabara ya kujivunia, na hadubini ilikuwa moja, lenzi yake imeingia ukungu. Nikatumia maharage. Mekundu 90 yalikuwa mbu wanaopumzika ndani, ya njano 10 yalikuwa wanaopumzika nje, na tukakubaliana kwamba katika mchezo huu tabia hiyo inarithiwa. Kila raundi, dawa ya ukutani inaondoa nusu ya mekundu. Waliobaki wanazaana, kila haragwe linaongezewa jingine la rangi yake.

Raundi ya kwanza yalibaki mekundu 45 na ya njano 10. Yakazaana, 90 na 20. Raundi ya pili 45 na 20, yakazaana 90 na 40. Ya tatu 45 na 40, yakazaana 90 na 80. Raundi ya nne tulipoondoa nusu ya mekundu, yalibaki 45, ya njano 80. Wa nje ndio wengi.

Nikawauliza: kuna haragwe jekundu lililogeuka njano? Darasa zima, hakuna. Kwa hiyo nani amezoea dawa? Kimya kidogo, halafu kijana mmoja wa dirishani akasema taratibu, "Hakuna aliyezoea, waliobaki ndio wengine." Sijasoma ufafanuzi bora kuliko huo kwenye desa lolote.

Ila swali gumu lilitoka kwa msichana aliyekaa mbele. "Madamu, sasa kama wanaobaki ni wale wasiogusa dawa, tunapulizia ya nini?"

Hilo ndilo pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu yote. Kuna watu wazima wenye nia njema wanaoamini tusiwaambie wananchi kwamba mbu wanabadilika, kwa sababu wataacha dawa na vyandarua. Bora waambiwe "lala ndani ya chandarua" na yaishe. Nauelewa woga huo. Lakini tayari wananchi wameshaona kuna mabadiliko, ndiyo maana wanasema wamezoea. Ukinyamaza hulindi chandarua. Unaliachia neno "wamezoea" lifundishe badala yako.

Yule msichana sikumhubiria. Nilimwambia ahesabu upya bila dawa. Mekundu 90 yakizaana mara tatu bila kuondolewa yanakuwa 720. Ya njano 10 yanakuwa 80. Jumla 800. Yenye dawa, kwenye raundi ileile, yalibaki 45 na 80, jumla 125. Aliandika namba mbili ubaoni, 800 na 125, akarudi kukaa. Uwiano ulibadilika, ndiyo, lakini idadi iliporomoka. Dawa imefanya kazi yake, na kilichobaki ni kuwatafutia wa njano dawa yao. Hiyo si sababu ya kukata tamaa. Ni mpango wa kazi.

Tofauti ya neno moja

Tuangalie basi maneno hayo mawili yanatupeleka wapi. Ukisema "wamezoea", kinachofuata ni kuongeza dawa ileile au kuacha kabisa. Ukisema "wamechujwa", unauliza: waliobaki ni akina nani, na wanakutana na nini? Kama ni wa nje, tunaangalia madimbwi wanakotagia na saa tunazokaa nje jioni. Kama ni wanaokula kwa ng'ombe, tunawaza dawa ya kwenye mifugo. Kama ni wale wenye kinga ya kemikali, tunabadilisha kemikali.

Hili la mwisho halihusu mipinduko peke yake. Kuna mabadiliko mengine madogo ya jeni yanayompa mbu kinga dhidi ya pairethroidi, zile dawa zilizoigwa kutoka kwenye ua la pareto ambalo nasi tunalilima Nyanda za Juu Kusini. Mantiki ni ileile. Na Tanzania haikukaa kulalamika kwamba mbu wamezoea. Huko Muleba mkoani Kagera, jaribio lililochapishwa 2018 lilionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayomzuia mbu kuivunja dawa mwilini mwake, viliwalinda watoto kuliko vile vya kawaida. Huko Misungwi mkoani Mwanza, jaribio lililochapishwa 2022 lilionyesha hivyo kwa vyandarua vyenye dawa ya pili ya aina tofauti, klorofenapiri. Chandarua kilibadilishwa kwa sababu kuna watu walikubali kuwapima mbu waliobaki.

Najua mtakachoniambia. Kwanza, Necta haiulizi mambo ya 3Ra. Kweli, haiulizi. Lakini inauliza mageuko, inauliza mabadiliko ya kromosomu, na inauliza tofauti kati ya mawazo ya Lamarck na Darwin. "Wamezoea" ni Lamarck mtupu, anayeishi mtaani kwetu bila kujulikana. Mwanafunzi akiijua hiyo amejibu maswali matatu kwa mfano mmoja. Pili, mtasema hatuna maabara. Kipimo cha PCR hakika hatuna. Karatasi, mkasi na maharage tunavyo. Tangu mtaala wa 2005 tunaimba "umahiri, umahiri". Umahiri gani huo kama mwanafunzi anaweza kuchora nondo wa Manchester na hawezi kumjibu mjomba wake?

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: kwamba haya ni mambo ya watafiti, tuwaachie wenyewe. Lakini mbu wanaopimwa hawaji maabara kwa miguu yao. Wanakamatwa kwenye vyumba na mazizi ya wanakijiji, ambao wanafungua milango usiku kwa watu wenye mitego na tochi. Majibu yanatoka kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo hata sisi wa chuo tunayafungua kwa shida. Aliyefungua mlango anabaki na "wamezoea". Mtu wa kati anayeweza kuyarudisha majibu kijijini ni mwalimu wa sekondari ya kata, maana ndiye aliyesoma jenetiki na ndiye anayekaa pale mwaka mzima. Mwalimu huyo ni mimi na wewe, miaka miwili au mitatu ijayo, tukipata ajira. Tusipopata, ni sisi kwenye tuisheni ya mtaani, na kazi ni ileile.

Ninachoomba si kikubwa. Kwa wahadhiri wetu wa mbinu za kufundishia: mnapotupa kazi ya kuandaa somo la mageuko, mtudai angalau mfano mmoja wa hapa kwetu, na mbu awe wa kwanza kwenye orodha. Kwa chama cha wanafunzi wa Baiolojia: badala ya ziara moja ya kupiga picha, tuwaalike watafiti wa mbu waje watueleze kwa Kiswahili wamekuta nini, na tuandike ukurasa mmoja ambao kila anayekwenda fildi anaondoka nao. Tukiona "mpinduko" si neno zuri, tutafute lingine, lakini tulitafute tukiwa tunafundisha.

Na kwa wewe unayefunga begi kwenda mazoezini, weka nusu kilo ya maharage ya rangi mbili. Chagua yanayolingana ukubwa, la sivyo watoto watayatambua kwa kupapasa kabla hujaanza. Ukiisha kufundisha, yapikwe.